Kasisi wa jeshi anahubiri uhuru upi, na yeye mwenyewe yuko huru?

#1 Mshumaa Mrefu
Wakuu, heshima kwenu.

Naleta hoja, nanyi nipingeni kwa hoja. Kasisi wa jeshi hawezi kuhubiri uhuru wa Kikristo ukaeleweka. Sisemi hana imani wala elimu. Tatizo ni mahali aliposimama. Amevaa sare, ana cheo begani, mshahara wake unatoka serikalini, na akiamriwa kuhama kituo anafunga begi kama askari mwingine. Halafu anasimama mbele ya vijana wanaopelekwa vitani, anafungua Wagalatia 5: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa."

Wale vijana wanasikia nini? Wanasikia bendera, mipaka, adui asivuke. Paulo alipoandika maneno hayo hakuwa na bendera, na dola iliyokuwa na jeshi ndiyo iliyokuja kumtia minyororo.

Sasa huyu mtu anahubiri uhuru upi? Na yeye mwenyewe anao? Mliowahi kutumikia, au mnaoishi na wanajeshi, njooni na mliyoyaona.

#2 Sina Makuu
Dini na jeshi kwenye uzi mmoja. Nimechukua siti ya mbele. Wasimamizi leo msilale.

#3 Kinega
Mleta mada, umejijibu mwenyewe hapo kwenye mshahara. Mengine ni mapambo.

James Madison, rais wa nne wa Marekani na mmoja wa vichwa vilivyoitunga katiba yao, aliandika baada ya kustaafu kwamba kuwalipa makasisi kwa fedha za umma, wa Kongresi na wa jeshi pia, hakuendani na uhuru wa dini walioutangaza. Alitaka wenye imani wamlipe kasisi wao wenyewe. Hakusikilizwa, maana mazoea yalikuwa ya zamani kuliko katiba. Kongresi yao iliidhinisha mishahara ya makasisi wa jeshi tarehe 29 Julai 1775, kabla hata hawajatangaza uhuru wao kutoka Uingereza. Yaani kasisi alikuwa kwenye orodha ya malipo kabla nchi haijawa nchi.

Mpanda farasi wawili hupasuka msamba.

#4 Mzee wa Lindo
Kinega, umewahi kukaa lindo saa tisa za usiku ukiwa hujui mbele yako kuna nini? Nilitumikia jeshi mpaka nikastaafu, kwa hiyo nitasema nilichokiona.

Kambini kila mtu anaandika habari zako. Sajini anaandika, kapteni anaandika, daktari anaandika. Ukisema umeogopa, imeandikwa. Ukisema hulali, imeandikwa, na ukifika wakati wa kupandishwa cheo karatasi hiyo inafunguliwa. Mtu mmoja tu ndiye hakuwa na kalamu, kasisi. Alikuwa anakuja lindoni usiku, anakaa kwenye magunia ya mchanga, haulizi kitu. Unamwambia unachomwambia, kinabaki kwake.

Sikumbuki hata mahubiri yake moja. Nakumbuka kwamba alikuwa mtu pekee niliyeongea naye bila kupima neno. Kama huo si uhuru, niambieni ni nini.

#5 Kalamu Nyekundu
Mzee wa Lindo kagusa jambo ambalo lina sheria nyuma yake. Katika majeshi mengi mazungumzo ya faragha na kasisi yanalindwa, na kwa Marekani kanuni za ushahidi za mahakama za kijeshi zinamruhusu askari kuzuia kasisi asitoe aliyomwambia kama sehemu ya dini yake au dhamiri yake. Daktari wa jeshi hana ulinzi mpana kiasi hicho.

Na hoja ya mshahara ilishafika mahakamani. Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa sheria wa Harvard walifungua kesi wakitaka makasisi wa jeshi la nchi kavu la Marekani waondolewe kwenye fedha za umma, hoja ikiwa karibu ile ile ya Madison. Kesi inajulikana kama Katcoff dhidi ya Marsh. Mwaka 1985 mahakama ya rufaa iliwakatalia kwa sehemu kubwa. Sababu yake ni nzuri kuifikiria: serikali inamtoa askari kwao, inampeleka asikoweza kwenda kanisani kwa hiari yake. Isipompelekea kasisi, inakuwa imemnyang'anya uhuru wa kuabudu. Kwa hiyo kwa jicho la mahakama, kasisi yupo kwa ajili ya uhuru wa askari, si kwa ajili ya serikali.

#6 Kinega
@Kalamu Nyekundu, na nani aliyempeleka huko asikoweza kwenda kanisani? Serikali hiyo hiyo. Ni sawa na mtu akufungie mlango kisha adai shukrani kwa kukutobolea dirisha.

Mzee wa Lindo, shikamoo. Siupingi uzoefu wako. Ila jiulize kwa nini jeshi linakubali kumlipa mtu asiye na kalamu. Wanajua askari aliyetua mzigo usiku anapigana vizuri asubuhi.

#7 Mzee wa Lindo
Marahaba. Inawezekana wanajua hivyo. Mimi niliutua mzigo, hesabu zao hazikunihusu.

#8 Binti Sayuni
Bwana asifiwe wapendwa. Naona tunajadili uhuru kana kwamba maana yake ni kutokuwa na mtu juu yako. Mleta mada ulisoma mstari wa 1 ukaishia hapo. Shuka mpaka wa 13: "Maana ninyi, ndugu, mliitwa mpate uhuru, lakini uhuru wenu usiwe sababu ya kuufuata mwili, bali tumikianeni kwa upendo." Paulo anawaweka huru kisha papo hapo anawapa kazi ya utumishi.

Martin Luther mwaka 1520 aliliweka hilo kwa sentensi mbili zinazogongana makusudi: Mkristo ni bwana huru juu ya vitu vyote, hayuko chini ya mtu, Mkristo ni mtumishi wa wote, yuko chini ya kila mtu. Kwa mantiki hiyo kasisi kuwa chini ya amri hakumwondolei chochote. Swali ni anamtumikia nani humo ndani.

#9 Jembe si Upanga
Dada Binti Sayuni, Luther huyo huyo mwaka 1526 aliulizwa kama askari naye anaweza kuokolewa, akajibu ndiyo. Lakini akaongeza kitu ambacho sijawahi kusikia kikisomwa kwenye gwaride: ukijua kwa hakika kwamba bwana wako anapigana vita isiyo ya haki, mche Mungu kuliko wanadamu, usiende. Nioneshe kasisi wa jeshi anayehubiri sehemu hiyo siku ya kuondoka kikosi.

Mimi natoka katika kanisa la amani, yaani lile linalokataa vita, nasema wazi ili msinishangae. Mwaka 295 kijana Maximilian aliletwa mbele ya liwali huko Tebessa, Afrika ya Kaskazini, aandikishwe jeshini. Alikuwa na miaka 21. Akasema hawezi kutumikia, yeye ni Mkristo. Akakatwa kichwa. Hakuwa na kasisi pembeni wa kumwambia uhuru una aina mbili.

#10 Sina Makuu
Wa kanisa la amani ndiye mwenye maneno makali kuliko wote humu. Endeleeni.

#11 Katekista
Tumsifu Yesu Kristo. Naomba historia isirukwe kutoka mwaka 295 mpaka leo. Kanisa lilikabiliana na jambo hili mapema. Mtaguso wa Wajerumani wa mwaka 742, alioongoza Mtakatifu Bonifasi, ulikataza makleri, yaani mapadri na wenye daraja kanisani, kubeba silaha na kwenda vitani. Waliachwa wachache tu: wa kuadhimisha misa, na padri mmoja kwa kila mkuu wa kikosi ili asikie maungamo na kutoa malipizi. Ona kazi aliyopewa. Hakutumwa kubariki panga. Alitumwa kusikia dhambi za wenye panga.

Na kama mnataka uhuru wa kasisi kwa vitendo, kumbukeni meli ya Dorchester, tarehe 3 Februari 1943, karibu na Greenland. Nyambizi ya Kijerumani iliipiga usiku, watu zaidi ya 600 walikufa kwenye maji ya baridi. Mapadri wanne waligawa maboya yao kwa askari wasiokuwa nayo, wakabaki kwenye meli wakisali mpaka ikazama. Hakuna amri ya jeshi inayomlazimisha mtu kufanya hivyo.

#12 Kalamu Nyekundu
Marekebisho kidogo, Katekista. Hawakuwa mapadri wanne. Padri wa Kikatoliki alikuwa mmoja, John Washington. George Fox alikuwa Mmethodisti, Clark Poling wa kanisa la Reformed, na Alexander Goode alikuwa rabi wa Kiyahudi. Makasisi wanne ndiyo sawa. Tofauti hiyo ina uzito, maana walionusurika walisema hawakuuliza dini ya mtu walipokuwa wakimpa boya.

#13 Kinega
Na ndiyo maana hadithi hiyo inapendwa sana na serikali. Inauza vizuri.

#14 Binti Sayuni
Kinega, watu wamezama na maji ya barafu wewe unaona tangazo. Haya.

#15 Mama Wawili
Samahani naingilia, mimi si mtu wa historia. Mume wangu ni askari. Aliporudi kutoka kwenye operesheni alikuwa haongei. Si hasira, haongei tu. Nikamwambia aende kwa kasisi wa kikosi. Akaniambia: "Yule ni meja." Nikasema si ni mchungaji? Akasema, "Nikiingia ofisini kwake napiga saluti kwanza."

Nilikasirika nikadhani ananitania. Baadaye nikaelewa. Mkono ukishapanda kwenye paji la uso, mdomo hausemi tena kilichomleta. Aliishia kwenda kwa mchungaji wa mtaani, mzee asiyejua bunduki ni nini, ikabidi amfafanulie kila neno. Lakini alisema.

Kwa hiyo Mzee wa Lindo nakuamini, ila kwangu haikuwa hivyo.

#16 Baharia wa Bara
Mama Wawili pole sana, umeleta kitu ambacho wenye vitabu hawakukileta. Nyota za begani.

Jeshi la maji la Uingereza wana desturi yao: kasisi hana cheo. Kwa mapokeo yao anachukua cheo cha yule anayezungumza naye. Akiongea na kuruta yeye ni kuruta, akiongea na admirali ni admirali. Jeshi lao la nchi kavu kasisi ana cheo kama ofisa mwingine. Nchi moja, mifumo miwili.

Ujerumani walienda mbali zaidi kwa sababu ya yaliyowakuta. Mkataba wa mwaka 1957 kati ya Kanisa la Kiinjili na serikali ya Ujerumani Magharibi ulifanya kasisi awe mtumishi wa umma wa kiraia, bila cheo cha kijeshi, anakaa kwa muda maalumu kisha anarudi usharikani. Katika mambo ya kiroho mkubwa wake ni kanisa, si kamanda. Hata hivyo makanisa ya Ujerumani Mashariki hayakuukubali mkataba ule, na ni moja ya mambo yaliyochangia umoja wao kuvunjika mwaka 1969.

#17 Mzee wa Lindo
Baharia, hiyo ya kuondoa cheo inapendeza kwenye karatasi. Mimi nimeona upande wa pili. Kuna kijana kwetu alikuwa anaonewa na ofisa wake, hapumziki, hapewi ruhusa hata mama yake alipougua. Aliyeingia kwa kamanda bila kubisha hodi mara mbili ni kasisi, kwa sababu naye alikuwa na nyota. Mtu asiye na cheo angeachwa kwenye benchi la nje mpaka jioni.

Mama Wawili, mwambie mumeo nampa pole. Kasisi mwenye akili anavua kofia kabla hujaingia. Si wote wenye akili.

#18 Mshumaa Mrefu
Nashukuru michango. Bado hakuna aliyegusa moyo wa hoja, yaani kasisi anapotakiwa kusema hapana.

George Zabelka, padri wa Marekani, alikuwa kasisi wa askari wa anga katika kisiwa cha Tinian mwaka 1945, wale waliodondosha mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Baadaye alisema wazi kwamba alijua raia wanachomwa katika miji ya Japani na hakuhubiri hata neno moja kupinga. Hakuna aliyemkataza. Hilo ndilo linanishika. Hakukuwa na amri ya kunyamaza, na alinyamaza. Na Nagasaki ndiyo ulikuwa mji wenye Wakatoliki wengi kuliko yote kule. Alitumia miaka yake ya mwisho akihubiri amani na kuomba msamaha.

Sasa mniambie, mtu ambaye hakuna aliyemfunga mdomo na bado hakusema, alikuwa huru?

#19 Jembe si Upanga
Hapo umemaliza.

#20 Katekista
Hajamaliza. Kuna Franz Jägerstätter, mkulima wa Austria aliyekataa kumpigania Hitler. Askofu wake alimshauri akumbuke familia yake. Akiwa gerezani Berlin akisubiri kunyongwa alidhani yuko peke yake duniani. Aliyemwambia kwamba kuna padri, Franz Reinisch, aliyekataa kiapo cha Hitler na kuuawa mwaka 1942, alikuwa padri Kreutzberg aliyehudumia wafungwa pale. Inasemwa habari hiyo ilimtuliza kuliko kitu kingine. Aliuawa tarehe 9 Agosti 1943, na Kanisa lilimtangaza mwenye heri mwaka 2007.

Padri yule hakubeba bango. Alipeleka habari moja kwa mtu mmoja.

#21 Kinega
Sawa Katekista, na askofu wa majeshi wa Ujerumani wakati huo huo, Rarkowski, alikuwa akiandika barua za kichungaji za kuwahimiza askari watii. Umeleta mmoja wa gerezani, mimi nakuletea mkuu wao wote. Halafu hao wafungwa walikatwa vichwa, hawakunyongwa.

#22 Nyota ya Kaskazini
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mleta mada anatenganisha uhuru wa nchi na uhuru wa Kristo kama vyumba viwili. Kuna watu ambao kwao chumba kilikuwa kimoja.

Mwaka 1863, vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, Henry McNeal Turner aliteuliwa kuwa kasisi wa kikosi cha askari weusi, miongoni mwa makasisi weusi wa kwanza wa jeshi lile. Waliomsikiliza wengi walikuwa watumwa jana yake. Ukimwambia mtu huyo "msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa", utamfafanulia kwamba Paulo alimaanisha la rohoni tu?

Na Samuel Harrison, kasisi wa kikosi cha 54 cha Massachusetts. Alipokwenda kuchukua mshahara akaambiwa kwa kuwa ana asili ya Afrika atapewa dola 10 kwa mwezi, wakati kasisi alistahili 100. Akakataa. Kesi ilipanda kwa gavana, ikafika kwa Lincoln, na mwanasheria mkuu Edward Bates akaamua mwaka 1864 kwamba alipwe kama kasisi. Kinega anasema mshahara unamfunga kasisi. Huyu aliutumia mshahara kuipigania haki ya kila askari mweusi.

#23 Mshumaa Mrefu
@Nyota ya Kaskazini, hoja nzito. Lakini walikuwa upande ambao bendera na Injili zilielekea njia moja kwa muda. Vita nyingi haziko hivyo, na kila kasisi anaambiwa yake iko hivyo.

#24 Nyota ya Kaskazini
Kwa hiyo unakubali kuna vita ambamo kasisi anaweza kuhubiri uhuru ukaeleweka. Rudi ukasome sentensi yako ya kwanza.

#25 Sina Makuu
😂😂 Ngoja nilete maji ya kunywa.

Wakati mnapumzika: Desemba 1944 Jenerali Patton alichoshwa na mvua Ulaya, akamwamuru kasisi wake mkuu, padri James O'Neill, atunge sala ya kuomba hali nzuri ya hewa ya kupigana. Ikachapwa nakala 250,000. Mvua ilipokatika, jenerali akamvisha kasisi nishani. Mungu hakupewa.

#26 Binti Sayuni
😂 Sina Makuu utatubu.

Mimi naleta wa mwisho. Padri Emil Kapaun, vita vya Korea. Novemba 1950 kikosi chake kilizingirwa Unsan, akakataa kuondoka na wanaoweza kutembea, akabaki na majeruhi, akatekwa nao. Kambini alikuwa akiiba chakula kwa walinzi na kuwagawia wenzake, anafua nguo za wagonjwa, anasalisha usiku ingawa amekatazwa. Alifia kambini Mei 1951. Alipokuwa mateka hakuwa na mshahara wala ofisi, na cheo chake hakikumsaidia kitu. Wenzake waliorudi, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, walimdai nishani kwa miaka mingi mpaka ikatoka 2013. Mtafute huyo mtu mumwulize kama yuko huru.

#27 Kalamu Nyekundu
Na kwa sheria hakupaswa kuhesabiwa mateka kabisa. Mkataba wa Geneva wa 1949 unasema kasisi akiangukia mikononi mwa adui si mfungwa wa vita. Anaweza kuzuiliwa kwa sababu moja tu, ili awahudumie wafungwa.

#28 Jembe si Upanga
Wote mnaowaleta ni waliovuliwa sare au walioko gerezani, kambini, kwenye meli inayozama. Nileteeni aliye huru siku ya kawaida, ofisini. Kwa mfano, askari anakuja anasema: dhamiri yangu imekataa, nataka kutoka. Kasisi anamfanyia nini?

#29 Kalamu Nyekundu
Kwa jeshi la nchi kavu la Marekani jibu lipo kwenye kanuni. Askari akiomba kuachiwa kwa sababu za dhamiri lazima ahojiwe na kasisi, na kasisi anaandika kama imani ya mtu huyo ni ya kweli au anakwepa. Maoni yake yana uzito, watu wametoka jeshini kwa sababu hiyo. Ila kabla ya kuanza, kasisi lazima amwambie kwamba mahojiano haya hayana siri, kwa sababu yanaingia kwenye jalada.

#30 Kinega
Mzee wa Lindo, kalamu hiyo hapo.

#31 Mzee wa Lindo
Nimeiona. Afadhali anakuambia kabla hujafungua mdomo. Wengine hawakuambii. Na ukitaka siri, nenda kwa kasisi mwingine kwanza, useme yote, kisha nenda kwa huyu wa jalada.

#32 Mama Wawili
Baba, kikosi cha mume wangu kina kasisi mmoja tu.